Kasha limebaki nusu wazi, tamthilia imeondolewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Barabara ya 12, Ngamiani, hapa Tanga, huu ni mwaka wa 19. Sijawahi kuandika gazetini. Nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo limeniuma, nikalisubiri lipite, halikupita.

Jambo lenyewe ni tamthilia. Najua wapo watakaosema, fundi, watu wana shida ya maji na ada za shule, wewe unalilia tamthilia. Shida hizo na mimi ninazo. Lakini mtu anayekaa kwenye cherehani tangu saa mbili asubuhi, mgongo umepinda na macho yanawasha kwa vumbi la kitambaa, ana saa yake moja ya kupumzika kwa siku, na hiyo saa akichukuliwa bila kuambiwa neno, ana haki ya kuuliza.

Sitaitaja tamthilia kwa jina, wala kituo. Sikukaa kuandika ili nimharibie mtu riziki, na kila aliyekuwa akiifuatilia ataijua kwa haya nitakayosema. Ilikuwa habari ya mama mmoja mjane wa Pangani, wanawe watatu, na kiwanja alichoacha marehemu mumewe karibu na mto. Kijana mkubwa yuko Dar es Salaam, amekopa, mkopo umemkaba, anataka kiwanja kiuzwe. Hati haionekani. Mama anaapa kwamba hajui iliko. Sehemu 38 tulikaa tukibishana juu ya yule mama, anajua au hajui. Mwanafunzi wangu wa ushonaji alisema anajua. Mimi nilisema hajui. Tulinuniana nusu siku nzima kwa ajili hiyo.

Tuliipenda kwa sababu yule mama alisema kama tunavyosema sisi. Hakuwa na Kiswahili cha kusoma habari. Alijifunga khanga kama mama zetu, anakwenda sokoni akirudi anatua kapu kwanza, anashika kiuno, ndipo anajibu salamu. Kivuko cha Pangani kilipoonekana mara ya kwanza, kibanda kizima kilipiga makofi. Jirani yetu muuza maandazi, ambaye kwao ni Mwera ng'ambo ya mto, alisimama akagusa kioo cha televisheni kwa kidole akatuonyesha njia ya kwenda kwao.

Ilionyeshwa Jumatatu saa moja na nusu usiku, watu wameshatoka kuswali magharibi. Televisheni yangu ni ya inchi 24, imetundikwa juu ya meza ya pasi. Kifurushi cha kisimbuzi tunachanga watu 14, shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi, mimi ndiye mweka hazina. Wanaokuja ni hao 14 na wengine wasiochanga ambao siwezi kuwafukuza: watoto wa jirani, wateja waliokuja kuchukua nguo wakanasa, na Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, ambaye amepita miaka 70 na anakuja na kigoda chake mwenyewe.

Sehemu ya mwisho tuliyoiona ilikuwa Jumatatu ya mwisho kabla ya mwezi wa Ramadhani. Naieleza kwa urefu kidogo, Mhariri, univumilie, kwani bila kuiona huwezi kuelewa tulivyobaki.

Ni usiku. Umeme umekatika, mama amewasha kibatari. Wanawe wanagombana uani, sauti zinasikika. Yeye yuko chumbani mbele ya kasha la kizamani, lile la misumari ya shaba. Anashika pindo la khanga yake, pale kwenye fundo ambapo mama zetu hufunga hela. Fundo ni gumu. Anajaribu kwa vidole, halifunguki, vidole vina baridi yabisi. Analipeleka mdomoni, analifungua kwa meno. Ndani ya fundo mna ufunguo. Sehemu 38 ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga na sisi tulikuwa tukiitazama hiyo khanga kila Jumatatu! Mwanafunzi wangu akapiga kelele, "Si nilisema!" Mama anaingiza ufunguo, anainua mfuniko kwa upana wa kiganja hivi, mwanga wa kibatari unaingia ndani kabla ya macho yake. Uso unabadilika. Si furaha, si hofu, sijui niuiteje. Papo hapo mtu anabisha hodi. Muziki. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Hakuna aliyenyanyuka. Tulikuja kuzinduliwa na harufu. Mwanafunzi wangu alikuwa ameacha pasi juu ya shati la sare ya shule, kola imeungua, alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi. Shati lile nililipa mimi, nikanunua kitambaa kingine, nikashona usiku ule ule ili mtoto aende shule asubuhi. Sikumgombeza. Hata mimi macho yalikuwa kwenye kasha.

Chini ya kioo yakapita maandishi kwamba tamthilia inapumzika kupisha vipindi vya Ramadhani na itarejea baada ya Idi. Tukasema ni haki. Mwezi mzima tukifuturu mazungumzo ni hayo: mna nini kasheni, na nani kabisha hodi. Bi Mkubwa alishikilia kwamba ni marehemu mume hajafa.

Idi ikaja, ikapita. Jumatatu ya kwanza tulikaa mapema, nimefagia, nimepanga mabenchi. Saa moja na nusu ikaingia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Tukadhani wamechelewesha. Tukasubiri mpaka saa tatu. Jumatatu ya pili vilevile. Hakuna tangazo, hakuna maandishi chini ya kioo, hakuna samahani. Kana kwamba haikuwahi kuwapo.

Nikapiga simu kituoni. Simu ilipokewa siku ya tatu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, namshukuru. Akaniambia, "Mama, ile imesimamishwa, namba hazikuwa nzuri." Nikamuuliza namba gani. Akasema namba za watazamaji. Nikamuuliza, mwanangu, mimi mlinihesabu lini? Akacheka kidogo, akasema hilo lipo juu ya uwezo wake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizia kila ninayemjua namna tunavyohesabiwa. Wapo wanaopima kwa simu, kama kampuni ya GeoPoll: mtu anatumiwa maswali, anajibu alitazama chaneli gani saa ngapi, anapewa muda wa maongezi kama shukrani. Sina ugomvi na njia hiyo. Ila naomba wahusika wafikirie kibanda changu. Jumatatu ile ya kasha nilihesabu vichwa, kwa sababu nilikuwa nataka kujua kama mabenchi yanatosha: walikuwa 19. Wenye simu mikononi hawafiki 10. Bi Mkubwa simu yake ni ya kupokea tu, maandishi hayaoni. Watoto hawana simu. Ukimpata mmoja wetu kwa bahati akajibu, umempata mmoja. Na ukihesabu visimbuzi, sisi sote 19 ni kisimbuzi kimoja, sawasawa na bwana mmoja anayeishi peke yake mjini aliyewasha televisheni akalala.

Tanzania haitazamwi kwa mtindo wa chumba kimoja mtu mmoja. Inatazamwa saluni, kwa fundi, kwa kinyozi, kwenye kibanda cha kahawa, barazani kwa jirani mwenye umeme. Tangu zamani ilikuwa hivyo. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, wenzetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka 20 hivi, na ilipokuja ilikuja nyumba moja katika mtaa. Mimi Kaole, lile kundi la maigizo, niliwatazama ITV kupitia dirisha la watu. Nilikuwa msichana, tunakaa chini kwenye mkeka wakubwa wakiwa kwenye viti, na waliokosa nafasi wanasimama nje wanashika nondo za dirisha. Mzee Kipara, Bi Hindu, Muhogo Mchungu, Swebe, Nina, Ray, Johari, na Kanumba alipokuja kujiunga nao, Mungu amrehemu, alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Siku ya Kaole barabara ilikuwa nyeupe. Ukimtuma mtoto dukani harudi. Nani alitupima siku zile pale dirishani? Angetuhesabu kwa nyumba angesema Ngamiani hawatazami televisheni.

Na kuna jingine kuhusu namba. Agosti 2018 chaneli za bure za hapa nchini ziliondolewa kwenye visimbuzi vya kulipia vya dishi, kwa sababu ya masharti ya leseni. Siingii kwenye sheria, sikuisomea. Nasema tu kilichotokea huku chini: wengi wetu siku ile tulipoteza chaneli tulizozizoea. Aliyeweza alinunua kisimbuzi cha pili cha antena, asiyeweza akaacha. Mtu aliyeacha kutazama kwa kukosa kisimbuzi naye akaingia kwenye hesabu kama mtu aliyechoka kipindi. Ukiangalia karatasi huwezi kuwatofautisha. Ukija mtaani ukauliza, utaambiwa kwa dakika moja.

Sasa nifike kwenye hilo la pesa, maana bila pesa hakuna tamthilia na mimi najua bei ya uzi. Mtoto wa marehemu dada yangu yuko Dar es Salaam, kazi yake ni kushika sauti kwenye uigizaji, anabeba ule mti mrefu wenye maiki. Nilimpigia simu nikamwambia, hebu nieleze kwa lugha ya fundi. Akanieleza. Wanaotengeneza tamthilia mara nyingi si kituo, ni kikundi au kampuni ndogo. Pengine kituo kinawanunulia kwa kila sehemu, pengine kinawapa muda tu wa hewani na kuwaambia watafute mdhamini: kampuni ya sabuni, ya mafuta ya kula, ya simu. Mdhamini akiwa na mwaka mzuri, tamthilia inaishi. Mdhamini akibadilisha bajeti yake, tamthilia inakufa hata kama nchi nzima inaitazama. Akasema anajua zaidi ya moja zilizokwenda hivyo. Watazamaji wapo, aliyeondoka ni mdhamini, na neno linalotoka nje ni kwamba namba zilishuka.

Hapo nilikasirika kweli. Kama mdhamini ameondoka, si mtuambie mdhamini ameondoka? Sisi tunanunua sabuni. Tunanunua mafuta. Tungeijua kampuni iliyotuletea yule mama wa Pangani, tungekwenda dukani tukaitaja kwa jina. Lakini ukituambia namba zimeshuka, umetuambia kosa ni letu, kwamba hatukuja. Na sisi tulikuja, na kigoda tulikuja nacho.

Mpwa wangu akanieleza na jinsi wanavyorekodi, na hili ndilo lililoniuma kupita yote. Hawarekodi kwa mfuatano kama tunavyoona sisi. Nyumba wanaikodi kwa siku, kwa hiyo wakiwa ndani ya nyumba hiyo wanarekodi kila kinachotokea humo kwa sehemu nyingi kwa mkupuo, leo mama analia msiba, baada ya saa moja anacheka harusini, anabadilisha khanga tu. Maana yake yaliyotokea chumbani mbele ya kasha yalisharekodiwa. Yapo. Yamekaa kwenye kompyuta ya mtu. Zilizobaki ni za nje, za mtoni na za mahakamani, ambazo pesa yake haikupatikana. Akaniambia, "Mama mdogo, mwenzangu aliyeshika sauti kwenye hiyo kazi namjua, nikuulizie mlikuwa na nini kasheni?" Nikamkataza. Nikamwambia Bi Mkubwa hajaona, na mimi sitatangulia kujua kabla yake.

Kuhusu tamthilia za nje sitaki kueleweka vibaya. Nazitazama, nyingine nazipenda. Mwaka 2011 TBC walipoonyesha ile ya Kichina iliyotiwa Kiswahili, ya binti Dou Dou na mama wakwe zake, Tanga ilisimama. Hata Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake, kwamba imependwa huku. Ilipendwa kweli, kwani mambo ya mkwe yanafanana kote. Na najua kwa nini vituo vinazipenda: kazi imeshalipa gharama zake kwao, huku inauzwa kwa bei ndogo, kutia sauti si gharama kama kupeleka watu 30 Pangani na kuwalisha. Hesabu hiyo hata mimi naielewa. Nguo ya mtumba ni rahisi kuliko niliyoshona.

Lakini lipo jambo ambalo vituo havilioni. Zile za nje zinakuja zimekamilika. Zinaanza, zinakwenda, zinaisha. Mtu akizianza anajua atafika. Zetu zinarekodiwa huku zinaonyeshwa, na zinakatwa popote pesa ilipokatikia. Nimeanza kusikia kibandani, na inaniumiza kuisikia, wateja wangu vijana wakisema: "Mimi tamthilia ya Kibongo siianzi, mpaka niambiwe imeshaisha." Hapo ndipo namba zinaposhuka. Watu wameumwa na nyoka mara mbili tatu, sasa wanashtuka ukuti. Kituo kinakata tamthilia kwa sababu watazamaji ni wachache, na watazamaji wanakuwa wachache kwa sababu kituo kinakata. Nani ataanza kuuvunja huo mzunguko? Sisi hatuwezi, hatuna rimoti ya kituo.

Wakati mwingine hata jina halibaki. Wale vijana wachekeshaji wa Ze Comedy, Masanja, Joti, Mpoki na wenzao, walipoondoka EATV kwenda TBC1 watu tuliwafuata, lakini jina halikuhama nao, wakabidi wajulikane kwa Orijino Komedi. Mtazamaji anadhani kipindi ni cha watu anaowaona, wapi, kinaweza kuwa cha karatasi iliyosainiwa ofisini. Kwa hiyo hata yule mama wa Pangani akienda kituo kingine, sijui kama ataruhusiwa kubeba jina lake na kasha lake.

Nilifanya nilichoweza. Nina daftari langu la vipimo, kila mteja ana mstari wake: bega, kifua, kiuno, urefu. Nikalifungua kwa nyuma nikaandika juu ya ukurasa, "Tunaomba turudishiwe tamthilia au tuonyeshwe mwisho wake." Kila aliyekuja kupimwa nikamwonyesha. Wiki mbili nilipata majina 63, na 11 kati ya hayo ni dole gumba, kwa wino wa muhuri niliouazima kwa mwenyekiti wa mtaa. Yupo mzee mmoja, mshona viatu wa barabara ya pili, aliyesaini kisha akarudi kesho yake kuuliza kama anaweza kumsainia na mkewe aliye kitandani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimsimulia kila Jumatatu usiku. Nikamwambia aende na daftari nyumbani, mkewe aweke dole mwenyewe. Akalibeba kama anabeba mayai. Nikatoa nakala, nikaituma Dar es Salaam kwa basi, nikalipia shilingi 3,000, na karani wa basi akaniambia mzigo umepokelewa. Ni miezi miwili sasa.

Mpwa wangu ndiye aliyenisimulia habari ya karanga, na tangu anisimulie nimeirudia kibandani mara nyingi. Huko Marekani mwaka 2007 kituo cha CBS kilikata tamthilia iitwayo Jericho baada ya msimu mmoja tu, mambo yakiwa katikati, mji mdogo wa Kansas umezingirwa. Kwenye sehemu ile ya mwisho mhusika mkuu anaambiwa asalimu amri, anajibu kwa neno moja ambalo kwa Kiingereza ni jina la karanga na pia ni jibu la kukataa katakata. Basi watazamaji wakaanza kutuma karanga ofisini kwa kituo. Si pakiti mbili tatu. Zilipita tani 20. Mkuu wa burudani wa kituo, Nina Tassler, akawaandikia kwamba wataongezewa sehemu 7, na akawaomba waache kutuma karanga.

Nilipofika hapo kila mtu kibandani alifurahi, na muuza maandazi akauliza karanga za tani 20 zinagharimu kiasi gani kupeleka Dar es Salaam. Lakini kwangu lililo kubwa ni lililofuata. Zile sehemu 7 zilionyeshwa mwanzoni mwa 2008, na namba, ambazo huko nako zinatoka kwenye kaya chache zilizochaguliwa na kampuni ya Nielsen, hazikuridhisha. Machi 2008 wakaikata tena, safari hii moja kwa moja. Ila watengenezaji walikuwa wamejiandaa: walikuwa wamerekodi miisho miwili, mmoja wa kuendelea na mmoja wa kufunga. Ilipojulikana kwamba haiendelei, ukaonyeshwa ule wa kufunga. Watu wakaona mwisho. Walihuzunika, lakini waliona mwisho.

Hicho ndicho ninachokiomba, Mhariri, na sidhani kama ni kikubwa. Siwaambii vituo visikate kamwe. Biashara ni biashara, na mimi pia nimewahi kuacha kushona suti kwa sababu hazinilipi. Lakini nilipoacha nilimaliza suti zote nilizokuwa nimekwisha zikata. Huwezi kumrudishia mtu suti yenye mkono mmoja ukamwambia wateja wa suti wamepungua. Kituo kinapoingia mkataba na watengenezaji, kiweke humo pesa ya sehemu moja ya kufungia, ikae pembeni haiguswi. Nusu saa inatosha. Hata kama haiwezekani kwenda mtoni na mahakamani, mkalisheni yule mama kwenye kigoda, awe yeye na kasha lake, atusimulie yaliyotokea. Yule mama ni mwigizaji wa kweli, angeweza kusimulia nusu saa nzima na hakuna ambaye angepepesa.

Na mkiamua kukata, mseme. Wiki nne kabla, maandishi yapite chini ya kioo kama yanavyopita ya bahati nasibu. Mseme na sababu yenyewe. Kama ni mdhamini, semeni mdhamini, huenda akapatikana mwingine akisikia. Hapa Tanga kuna viwanda, na kuna wafanyabiashara ambao wake zao walikuwa wakifuatilia. Na wanaopima waongeze swali moja tu kwenye maswali yao ya simu: ulipokuwa ukitazama, mlikuwa wangapi? Swali hilo halina gharama na nina uhakika majibu yatawashangaza.

Kwa wanaoandika na kuigiza, wasione kwamba nawalaumu. Yule mama, popote alipo, namwambia kwamba tangu ile sehemu mteja wangu mmoja amekuja nimpindie khanga akaniambia nimwachie pindo pana upande mmoja, "kama la yule mama". Nikamwachia. Wa pili akaja na neno hilo hilo, na wa tatu. Sasa najua kulikata pindo hilo bila kupima.

Bi Mkubwa bado anakuja kila Jumatatu. Anaweka kigoda chake mahali pale pale, anatazama saa ya ukutani, inapofika moja na nusu ananiuliza, "Wamerudisha?" Nikimwambia bado, anakaa hivyo hivyo mpaka isha, anatuchambulia uzi uliojifunga, kisha anaondoka. Mwezi uliopita aliugua, wiki mbili hakutoka. Siku aliyotoka alikuja moja kwa moja kibandani, akauliza kabla ya salamu.

Daftari ninalo, na majina sasa yamefika 81. Kama yupo mtu wa kituo chochote anayesoma barua hii na anataka kuhakikisha namba, kibanda kipo Barabara ya 12, nafungua saa mbili asubuhi nafunga saa tatu usiku. Aje Jumatatu, saa moja na robo, kabla mabenchi hayajajaa. Kiti nitampa, ahesabu mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa Barabara ya 12,
Ngamiani, Tanga.